Dkt. Stephania Ainembabazi Anakabidhi Kliniki ya Kisukari

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dkt. Stephania Ainembabazi, daktari bingwa wa homoni na kisukari, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, sehemu kubwa akiwa hapa hospitalini kwetu Karagwe.

Alizaliwa Ihanda, katika familia ya Kilutheri ya wakulima wa kahawa na ndizi. Baada ya masomo ya ubingwa angeweza kubaki mjini. Alirudi, akaomba chumba kimoja karibu na maabara, akaanzisha kliniki ya kisukari ya kila Alhamisi. Wagonjwa wa mwanzo walikuja wakiamini watakatazwa ndizi. Hakumkataza yeyote. Aliwaambia wapunguze ndizi kwenye sahani, waongeze mboga na maharage, wakague nyayo kila jioni, na wasiache dawa kwa sababu tu wamepata nafuu.

Harusini, alipopakua chakula, watu walinyoosha shingo kuona amechukua nini. Kayanga mjini, kuna waliosogeza soda chini ya meza walipomwona akipita. Aliwasalimia na kuendelea na safari yake.

Siku ambayo sisi tuliokuwa zamu hatutaisahau ni ile aliyoletwa Yudesi, mtoto wa miaka tisa kutoka familia ya wafugaji wilayani Kyerwa. Alikuwa mgonjwa wetu, akichomwa insulini nyumbani kila siku. Alifika hajitambui, akihema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Baba yake, Benjamin, alieleza kwamba mtoto alipata malaria akashindwa kula, naye akasitisha sindano. Daktari hakutoka wodini ila kwa lazima, dripu na insulini zikienda pamoja kwa uangalifu, mpaka mtoto alipofumbua macho na kumwita mama yake.

Tulitarajia baba agombezwe. Hata yeye alitarajia. Alisimama pembeni ya kitanda, kofia mkononi.

“Daktari, ulituambia sindano inashusha sukari,” alisema kwa sauti ya chini. “Mtoto alikuwa hajala. Nikaona nitamuua.”

Dkt. Ainembabazi alivuta kiti, akamkaribisha aketi.

“Baba Yudesi, ulifikiri vizuri kwa maneno niliyokupa,” alimjibu. “Maneno yenyewe yalikuwa pungufu.”

Akamweleza taratibu, kwa Kinyambo, kwamba ugonjwa kama ule unaweza kupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kwamba kwa mtoto kama Yudesi insulini haisimamishwi, bali sukari inapimwa mara kwa mara, mtoto ananyweshwa, na kliniki inapigiwa simu siku hiyohiyo ielekeze kipimo cha dawa.

Kliniki iliyofuata alibadili mafundisho. Hakuna mzazi aliyeondoka na insulini bila kueleza kwa kinywa chake atafanya nini mtoto akiugua. Kisha akamwomba Benjamin aje azungumze na wazazi wapya. Mara ya kwanza alikataa kwa aibu. Alipokubali, alisimulia alichofanya bila kujitetea, na chumba kizima kilimsikiliza kuliko kinavyotusikiliza sisi. Anaendelea kuja. Yudesi yuko kidato cha pili, anajichoma sindano mwenyewe, na hatujapokea tena mtoto wa kliniki yetu katika hali ile.

Kliniki sasa inaongozwa na Dkt. Mujuni, mwanafunzi wake wa siku nyingi. Keki ya kumuaga itakuwepo. Kwa agizo lake mstaafu, vipande ni vidogo.

Daktari, asante kwa subira yako, na kwa kutusahihisha bila kutuaibisha. Tutakukosa kila tutakapokwama, na tutajitahidi tusikupigie simu. Tunakutakia afya, utulivu nyumbani, na asubuhi nyingi za kuamka bila kuitwa.