Bi Rula na Kalavati Alilolisaini Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, mwenzetu Bi Rula anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi liko kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi wa matengenezo tulimpa hili kwa sababu ya rula ndefu ya chuma aliyokuwa akiilaza juu ya lami kutafuta mabonde tuliyoapa hayapo. Nimeombwa niandike mimi, mkuu wa kikosi cha matengenezo, labda kwa kuwa ndimi aliyenikatalia kazi nyingi kuliko wote.

Alianza kwetu kama fundi sanifu, akasimamia uzibaji wa mashimo, uzibuaji wa mitaro na ufyekaji wa kando ya barabara kwa miaka kumi na tisa. Kisha akahamia kitengo cha ukaguzi huru, ambacho hakipokei amri kutoka kwetu na ripoti zake huenda moja kwa moja kwa bodi. Kila mwaka kitengo hicho huzunguka mtandao mzima wa barabara kuu, kipande kwa kipande, na kutoa hukumu: nzuri, wastani, mbaya. Tulidhani tumepata mtu wetu upande wa pili. Tulijidanganya.

Dereva wake anaikumbuka vizuri wiki ya kwanza. Kwa mazoea alikwepa kila shimo, akisubiri kusifiwa. Bi Rula alimwambia kwa upole kwamba, mwanangu, hatukuja kuyakwepa haya, akamrudisha kilomita nne nyuma ayaingie yote. Mumewe ni fundi cherehani, na siku viraka vyangu vya lami vilipomchosha alisema mbele ya kikao kizima kuwa mzee wake angeshona hivyo, wateja wangeona heri kutembea na suruali zilizochanika. Nilinuna siku mbili. Viraka nilivirudia.

Lakini ninalotaka lijulikane ni jambo la miaka sita iliyopita. Kwenye barabara ya kuelekea shule ya sekondari palikuwa na bonde dogo, juu ya kalavati, yaani mabomba ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara. Kikosi changu kilikuwa kimelijaza lami mara tatu bila kujiuliza kwa nini linarudi. Bi Rula alijiuliza. Akiwa na miaka hamsini na minne alivaa mabuti, akashika tochi, akatambaa ndani. Maungio ya mabomba hayakuwa yamezibwa, na maji yalikuwa yakivuja na kuondoka na udongo. Alirudi ofisini akafungua jalada kuona nani aliyeipokea kazi ile kutoka kwa mkandarasi. Akakuta saini yake mwenyewe, ya miaka kumi na miwili kabla, alipokuwa bado kwetu matengenezo.

Wakati huo alikuwa amependekezwa kuwa mkuu wa kitengo, na barua ilikuwa mbioni kutoka. Nilimfuata nikamsihi, kama kaka yake, aandike tu kuwa kalavati ni bovu, jalada lisiguswe. Angeweza pia kutubebesha lawama sisi tuliojaza lami. Aliandika hivi: “Kazi hii niliipokea mimi. Nilichungulia pande mbili, nikaona mwanga, nikasaini bila kuingia ndani. Barabara ifungwe leo.” Ikafungwa. Cheo akapewa mwingine, na Bi Rula akawa anamsalimu bosi wake mpya kila asubuhi kwa uchangamfu uleule.

Tulipokata kipande cha lami tulikuta pango. Nilishuka ndani nikasimama wima, na lami ilikuwa juu ya kichwa changu. Mke wangu ni mwalimu wa shule ile, na alikuwa akipita hapo kila siku ya kazi ndani ya basi la wanafunzi. Jioni nilimkuta mezani anasahihisha madaftari. Nilivuta kiti nikamsaidia kujumlisha alama, habari ya pango sikumwambia. Bi Rula naye sikumwambia kuwa mke wangu alikuwa akipita pale, kwa aibu, maana ni mimi niliyelifukia bonde lile mara tatu.

Dada yetu, tunakushukuru. Tunakuombea afya, mapumziko ya kweli na miaka mingi ya furaha na mzee wako. Mke wangu alisoma rasimu ya wasifu huu jana, na hapo ndipo alipojua. Akaniuliza siku ya sherehe wewe, Bi Rula, utakaa meza ipi.