Mstari wa Mawimbi wa Mama Fidélie

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Fidélie Kanku anastaafu na kuifunga droo yake, baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne katika chumba chetu cha michoro ya majengo hapa Kasuku, mjini Kindu. Ndani ya droo hiyo mna rula tatu, miwani ya akiba na karanga. Karanga ametuachia sisi, na tumeshaanza kuzila.

Alizaliwa hapa hapa Kindu, binti wa fundi wa reli aliyetoka Kasai. Alipoajiriwa Machi 1991 michoro ilikuwa ya mkono, kwa kalamu ya wino juu ya kalki, karatasi inayopitisha mwanga, na hakuna aliyechora isolant kama yeye. Kwa wasomaji wasio wa kazi hii: isolant ni kile kinachowekwa ukutani au chini ya bati ili joto lisipenye, na kwenye mchoro huonyeshwa kwa mstari wa mawimbi katikati ya mistari miwili ya ukuta. Mawimbi ya Mama Fidélie yalilingana kama mshono wa cherehani.

Vita vilipokuja, treni iliacha kufika na mto ukafungwa. Mwaka 2001 kituo kimoja cha afya cha Mikelenge kilihitaji chumba cha kutunzia chanjo ya surua. Kilikuwa na frigo moja, yaani jokofu, ya mafuta ya taa, na chumba ilimowekwa kilikuwa moto tangu saa tatu asubuhi. Isolant ya kiwandani ilikuwa ndoto. Mama Fidélie akakumbuka kitu ambacho mkoa wetu wa Maniema haujawahi kukikosa: makapi ya mpunga. Alichora kuta mbili za matofali zenye nafasi katikati, na nafasi ile akaijaza mawimbi. Mzee Masudi, fundi mwashi, aliugeuza mchoro mara mbili, kisha akauliza, "Mama, huu muto inapita mu ukuta, inaenda wapi?" Mama Fidélie alicheka mpaka machozi, lakini tangu siku hiyo chini ya kila mstari wa mawimbi aliandika maneno: makapi makavu, jaza, shindilia. Wanawake wa mtaa walileta makapi kwa vikapu, ukuta ukajaa, frigo ikapumua. Watoto waliochanjwa pale leo wana watoto wao.

Kompyuta zilitufikia 2013. Wengi wa umri wake walizikwepa. Yeye, akiwa na miaka arobaini na tisa, alikaa wiki sita kando ya Cédric, fundi wetu wa kompyuta, akiuliza kila kitu bila kuona haya. Hata hivyo hakuacha desturi yake ya zamani: mchoro ukishachapwa, aliufuata kwa kidole, ukuta kwa ukuta, kabla haujatoka ofisini. Tulimtania kwamba anaipima mistari homa.

Utani huo tuliuacha mwaka 2016. Tulikuwa tumepewa kazi ya ghala jipya la chanjo ng'ambo ya mto, Alunguli. Kwenye kompyuta mawimbi hufuata skeli, yaani uwiano wa mchoro na jengo lenyewe. Ukikosea skeli, yanabanana mpaka yanaonekana kama mstari mnyoofu. Ndivyo mchoro ulivyochapwa, na maneno ya chini nayo yalikuwa yamefutwa ili vipimo vipate nafasi. Wiki hiyo Mama alikuwa msibani, kidole chake hakikupita. Mafundi waliona ukuta mmoja mnene, wakamimina zege katikati. Zege halizuii joto, ikabidi ukuta ubomolewe, na mkubwa wa ofisi wa wakati ule akataka jina la mtu wa kufukuzwa.

Mama Fidélie alisimama mbele yetu sote. "Plan iko na jina yangu," akasema, akigusa jina lake pembeni mwa mchoro. "Njo mimi." Yaani, wa kufukuzwa ndiye yeye.

Kwa kuheshimu miaka yake hawakumfukuza. Walimpa barua ya onyo, na ukuu wa chumba cha michoro, ambao ulikuwa uende kwake mwezi uliofuata, ukapewa mwingine. Yeye alivuka mto kwa mtumbwi kila asubuhi mpaka ukuta wa pili uliposimama, makapi ndani.

Aliyekosea skeli na kufuta maneno yale ni mimi ninayeandika hapa. Nilikuwa na miezi mitano kazini na watoto wawili nyumbani. Mama alijua. Hakunikumbusha hata siku moja, hata kwa mzaha. Alinifundisha tu kutumia kidole. Kiti alichokikosa ndicho nilichokuja kupewa baadaye na ninachokikalia leo, na kwa miaka yote hii sijakikalia kwa raha. Jumatatu nilimwandikia mkurugenzi nikiomba barua ile ya onyo itolewe kwenye faili lake iwekwe kwenye langu. Amekubali.

Limebaki jambo moja. Wahenga walisema mganga hajigangi: huyu aliyepoza kuta za watu bado analala chini ya bati tupu kule Mikelenge. Jumamosi tunakwenda wote kumwekea dari, na makapi juu yake, bila kumwomba ruhusa.

Mama Fidélie, asante kwa kazi, asante kwa karanga, na kwa lile ulilonibebea. Mungu akupe miaka mingi ya afya njema na usingizi wa mchana usio na jasho. Mchoro wa dari yako uko tayari. Nimeufuata kwa kidole, ukuta kwa ukuta, mara mbili.

Josiane Kalume
Mkuu wa chumba cha michoro