Fundi Pontien Akabidhi Randa

Tarehe 30 Juni 1968 Fundi Pontien anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitano katika karakana yetu ya useremala hapa Rugenge. Alifika kutoka Luvungi akiwa kijana, mgongo umenyooka. Anaondoka ameinama kidogo, na hatuoni haya kuandika kwamba amechoka. Sisi sote tumechoka.

Wateja aliwafundisha jambo moja: kabla hujanunua kiti, kipindue. Juu kuna rangi, chini ndipo kazi ilipo. Kiti kizuri, ncha ya mti mmoja imeingia katika tundu la mwingine, na kigingi cha mti kimefunga. Kilichoshikwa kwa misumari peke yake kitalegea, kwa sababu mti hujaa maji wakati wa mvua na kukauka kiangazi, lakini msumari haufuati. Cha nyumbani alitaka kiwe chepesi, maana wageni wakija kitapelekwa uani. Cha ofisini alikipima kwa goti la mwenye kukikalia.

Mwaka wa uhuru, shefu mmoja mpya wa ofisi, Basile, aliagiza meza kubwa kama ya Mbelgiji aliyeondoka. Pontien alimwambia, "Shefu, mukono wako unafika hapa. Kuendelea mbele ni meza ya vumbi." Basile akacheka: "Basi na vumbi litengenezee yake!" Ikatengenezwa. Ilipita mlangoni kwa kuvunja fremu.

Kisha vita vikaja. Msimu wa mvua wa 1964, watu wenye bunduki walipiga kambi uani kwetu. Milimani hakuna aliyethubutu kwenda kutafuta kuni, hivyo wakadai vyombo vyetu vya mbao. Ghalani kulikuwa na vitanda sita vya mvule, vilivyoagizwa kwa ajili ya akina mama wa maternité, nyumba ya kujifungulia. Pontien aliomba achague yeye cha kuchoma. Mpishi wao, mtu wa bondeni, alijibu, "Chagua, mzee. Sufuria haiulizi jina la mti."

Kila jioni alipindua vitu, akatoa vya misumari kwanza: masanduku, rafu, viti ambavyo sisi wenyewe tulivitengeneza kwa haraka. Vikaisha. Vikabaki vile vitanda sita.

Ndipo alipokwenda nyumbani na kurudi na kitanda chake mwenyewe kichwani. Alikitengeneza ujanani, kabla hajajua kazi, na kilikuwa misumari mitupu. Mkewe, mama Georgette, alimfuata hadi langoni. Alimwita kwa jina la binti yao: "Weye baba Florentine, leo tunalala wapi?"

"Chini, mama. Chini hakuna musumari hata mumoja."

"Na mugongo wako?"

Akaingia nacho uani. Kitanda kilipika maharage ya usiku ule. Asubuhi wale watu waliondoka, na vile vitanda sita viko maternité mpaka leo. Watoto wengi wa mtaa huu wamezaliwa juu yake, akiwemo mjukuu wake.

Baada ya hapo kazi zilimwagika: milango iliyovunjwa, madawati ya shule, na majeneza, ambayo hakudai malipo yake wala sisi hatukuyahesabu. Mama Georgette alipouliza habari za kitanda, jibu lilikuwa kesho. Miaka minne, mkeka na kesho.

Kwa hiyo leo hatumpi saa wala kitambaa. Tumemtengenezea kitanda cha mvule, cha watu wawili, pasipo msumari. Tulifanya kazi hiyo kila alipotumwa mjini, na tulimtuma sana, atusamehe. Tunajua hatasema neno kabla ya kukipindua. Tumeacha nafasi ya kutosha ukumbini.

Asante, Fundi Pontien, na asante mama Georgette kwa subira. Siku zenu zilizobaki ziwe njema na za utulivu. Ukimaliza kukagua chini, baba, panda juu ulale.