Miaka Kumi na Tisa ya Kusikiliza Upya

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mwalimu ambaye shule nzima inamwita Bi Kwamba anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza katika shule hii, na karibu yote katika chumba kilekile, cha pili kutoka kwenye ngazi. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu darasa letu ndilo la mwisho alilolifikisha kwenye mtihani, na kwa sababu tangu nimalize shule napiga chapa katika ofisi ya walimu. Kadi zake zote zimepita mikononi mwangu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa mwaka wake wa kwanza, na hajawahi kulikataa. Kila mwalimu ana kitu anachokifuatilia kuliko vingine. Chake kilikuwa neno dogo la Kiingereza, "that", linapofanya kazi kama ya "kwamba" yetu: anajua kwamba, alisema kwamba, ripoti inaonyesha kwamba. Alitaka kujua jambo moja tu. Watu wakiandika wanalitumiaje, na wakizungumza wanalitumiaje?

Ili kupata jibu alitafuta maboksi mawili ya viatu. Moja aliliandika KALAMU na la pili MDOMO. Kila sentensi ya aina hiyo aliyoikuta, yenye neno lile au iliyoliacha, ilipewa kadi yake: sentensi yenyewe, nani kaiandika au kaisema, wapi na lini. Kadi za KALAMU zilitoka kwenye magazeti, barua za ofisi na vitabu vya sayansi. Kadi za MDOMO zilitoka kwenye vipindi vya redio vya Kiingereza alivyovinasa kwa kaseti nyumbani kwake, huku amewakataza watoto wake kukohoa.

Katika mwaka wake wa sita hapa, hesabu ilionyesha kuwa neno hilo linatokea karibu sawasawa katika maboksi yale mawili. Akaandika kijitabu chenye jalada la bluu, kilichomfundisha mwanafunzi kulitamka neno hilo kila mara, kama anavyoliandika. Shule nne za jirani zilikichukua. Akafanywa mkuu wa idara.

Kijitabu kilitumika miaka tisa. Wanafunzi wetu wa enzi hizo walisema Kiingereza kisicho na kosa, ila kilikuwa kimenyooka kama kimepigwa pasi. Kwenye midahalo, wakishuka tu garini, wenyeji walianza kupiga kelele: "Haya jamani, barua zimefika!" Mmoja wao aliajiriwa mapokezi katika hoteli, na mgeni aliyempigia simu akamwomba aunganishwe na binadamu. Bi Kwamba anakisimulia kisa hiki mwenyewe, na huwa wa kwanza kucheka. Wakati ule hakucheka. Alidhani wanafunzi hawajafanya mazoezi ya kutosha, akawaongezea.

Aliyemfumbua macho ni shemeji yake, mume wa dada yake, fundi mitambo wa redio. Jumapili moja alikuja kula chakula cha mchana, akamkuta Bi Kwamba na kaseti zake. Akasikiliza kidogo, akaweka sahani chini.

"Shemeji, huyu haongei. Huyu anasoma."

"Anasoma nini? Si wanahojiana hao?"

"Wanahojiana kwenye karatasi. Maswali yameandikwa, majibu yameandikwa, mpaka kicheko kimeandikwa. Sikiliza hapo. Umesikia? Hapo kafungua ukurasa."

Mkwaruzo ule Bi Kwamba alikuwa ameusikia kwa miaka. Kadi mia mbili na kumi na moja zina maelezo kwa mkono wake mwenyewe: "mashine inakwaruza". Nimezihesabu. Boksi la MDOMO lilikuwa limejaa maneno ya KALAMU tupu.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa shule wa wakati ule, akamweleza. Mkuu alimwambia aache yalivyo, nani angejua? Bi Kwamba hakuacha. Alisimama mbele ya wanafunzi asubuhi iliyofuata, akasema kijitabu kina makosa na makosa ni yake. Kisha akaanza kuzunguka shule zote tano na mfuko, akivikusanya darasa kwa darasa. Kati ya vijitabu mia nne alirudisha mia tatu na kumi na viwili. Mwezi uliofuata alivuliwa ukuu wa idara, na hakurudishiwa tena.

Ilikuwa imebaki miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu. Alilimwaga boksi la MDOMO, akazifunga kadi za zamani na kuziweka kando, akaanza kadi ya kwanza.

Safari hii alitaka watu wanaozungumza Kiingereza kweli, si kukisoma, na watu wanaozungumza kweli ni wagumu kupatikana. Aliomba ruhusa kila alikokwenda: foleni ya posta, chumba cha kusubiri daktari, hapa hapa ofisini. Aliyekataa, kadi yake ilichanwa mbele yake. Lakini hata waliokubali walibadilika. Mwalimu wetu wa hesabu akiona kinasa sauti anakaza shingo na kuongea kama anafungua mkutano. Dawa ilikuwa kukiacha mezani tangu asubuhi, katikati ya vikombe, hadi watu wasahau. Kwa kawaida walisahau karibu saa nne, chai ilipoletwa.

Kadi mpya zilisema habari nyingine kabisa. Mdomoni, sentensi za aina hii ni nyingi ajabu, na nyingi huanza na "nadhani", "najua" au "nilisema". Ila neno lenyewe halitokei mara nyingi. Watu husema "I think he's late", bila "that", na kuendelea na safari zao. Kwenye maandishi neno linabaki mahali pake, hasa katika ripoti na vitabu, pale utafiti unapoonyesha au kupendekeza jambo, na baada ya nomino kama "fact". Sisi alitufundisha hivi: kwenye karatasi liweke, kwa sababu msomaji hakuoni uso; ukiongea waweza kuliacha, sauti yako itabeba. Kisha aliongeza kila mara kuwa hiyo si sheria, ni hesabu, na hesabu mtu anaweza kuirudia.

Kadi ya mwisho, ya elfu sita na arobaini, iliandikwa mwezi Machi. Kutokana na kadi hizo aliandika kijitabu kipya, kikawa tayari kwenda kwa mpiga chapa wa mjini, na hapo ndipo kilipotaka kukwama. Bi Kwamba alikuwa ameweka ukurasa wa kwanza unaoeleza kosa la kile cha bluu na nani alilifanya. Mkuu wetu wa sasa, ambaye naye alisoma hapa, hakuutaka.

"Mwalimu, siku tunayokuaga ndiyo unataka kujianika? Kosa la zamani hilo."

"Bila ukurasa huo hakitoki."

"Kazi ya miaka kumi na tisa, Mwalimu!"

"Basi itakaa kwenye maboksi. Imezoea."

Mkuu akaandika maneno mengine, ya upole, akayaleta kwenye kikao cha idara: imebainika kwamba toleo lililotangulia lilikuwa na kasoro za kiutafiti. Bi Kwamba aliyasoma kwa sauti, taratibu, bila kuyakejeli. Nilikuwepo, naandika kumbukumbu za kikao. Kisha akasoma yake: "Nilikosea kwa miaka tisa. Niliwasikiliza watu wakisoma nikadhani wanazungumza, halafu nikawafundisha watoto wazungumze hivyo. Kama ulisoma kitabu changu na ukaambiwa unaongea kama barua, haikuwa wewe. Ilikuwa mimi."

Mkuu alizungumza bila kututazama.

"Nilikisoma kile cha bluu miaka minne," alisema. "Siku zote nilidhani ni ulimi wangu mzito."

Akachukua karatasi yake ya maneno ya upole, akaikunja, akaiweka mfukoni. Halafu akamwomba Bi Kwamba aweke jina lake kamili chini ya ukurasa ule.

Kijitabu kimetoka Jumanne, na jalada lake ni la kijani. Kitagawiwa siku ya sherehe kwa kila mwanafunzi, na kwa yeyote aliyesoma hapa katika miaka ile tisa atakayekuja kukidai.

Mwalimu, asante kwa kutusikiliza hadi tukasahau kwamba unatusikiliza. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya njema, na asubuhi nyingi za kukaa na watu wakipiga soga, bila kadi mkononi.