Karanga za Mwenyekiti

Tangu basi litoke Dodoma, Gerson alikuwa amekataa karanga za jirani yake mara mbili. Alikuwa amekagua mabenki miaka kumi na moja bila kupokea hata maji ya kunywa. Sasa alikuwa anakwenda kuwa meneja wa benki ndogo ya wananchi Kondoa, lakini mkono wake ulikuwa bado wa mkaguzi.

"Kumbe meneja mpya ndiye wewe!" alisema jirani huyo, Mwantum, baada ya kumhoji vya kutosha. "Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akiba cha akina mama wa Busi. Jumamosi tunaamua tubaki na benki yenu au tuhame."

"Ndiyo maana sipokei, mama. Nikila chako leo, kesho nitakukatalia vipi?"

"Shemeji yangu hunikatalia kila siku, na kwangu anakula."

Abiria wa nyuma walicheka. Gerson hakucheka. "Na asiye na karanga za kunipa, atanionaje?"

Basi lilisimama stendi ya Kondoa. Mwantum alifunga karanga zake.

"Njoo uwaambie wenzangu mwenyewe," alisema akiinuka. "Ila kikao chetu hakifunguliwi kabla watu wote hawajala, mgeni akiwemo."