Mama Kengele na Robo Saa ya Kuogopa

Baada ya miaka ishirini na saba katika chumba namba nne cha hospitali yetu, Mama Kengele, mshauri wetu wa wagonjwa wa saratani na wenzi wao, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Kamati ya kumuaga ilitafuta msomi wa kuandika wasifu huu. Wasomi wakaogopa. Basi nimeshika kalamu mimi, mlinzi wa geti, ninayejua kila kitu hapa isipokuwa kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanandoa waliomaliza matibabu lakini hofu ya ugonjwa kurudi haijawaacha. Aliwapa saa ya mezani: robo saa kila jioni ya kuogopa kwa zamu, mmoja aseme, mwenzake asikilize. Kengele ikilia, basi, maisha yaendelee. Wiki yake ya kwanza niliisikia hiyo kengele, nikavamia chumba na ndoo ya mchanga nikidhani moto. Nikakuta mume na mke wanafutana machozi. Nusura niwamwagie.

Nilimcheka miaka mingi, mpaka mke wangu alipougua saratani, akatibiwa, akapona. Mimi, niliyewahi kukamata wezi wawili kwa mkono mmoja, nikawa nahesabu vikohozi. Mwezi mmoja nilimpeleka kwa daktari mara tisa. Mojawapo kwa sababu alibakiza chakula. Nilikuwa nimepika mimi. Mwenzangu akafunga begi aende kwa dada yake, akapumue.

Mama Kengele alituita wote wawili, na begi lenyewe. Zamu ya mke wangu ilipofika, akasema: "Baba watoto, hata mimi naogopa. Nakuficha tu, maana nikiguna kidogo unaita teksi." Nililia mpaka kengele ikalia, nikaomba niongezewe dakika. Mama Kengele akakataa katakata: "Shemeji, yaliyobaki utalia kesho." Begi lilirudi nyumbani, na mbebaji nilikuwa mimi.

Jumanne inayofuata mke wangu ana vipimo vya mwaka, na kwa mara ya kwanza chumba namba nne kitakuwa na mtu mwingine. Naogopa, naandika wazi bila kujificha, na getini mnanijua kwa jina. Lakini saa tunayo. Saa kumi na moja jioni tutaitega, tutaogopa vizuri kama alivyotufundisha, na ikilia tutainuka tukaoshe vyombo.

Asante sana, Mama Kengele. Tunakutakia maisha marefu, afya tele, na asubuhi ambazo hujazitegea saa yoyote.