Maisha ya Eufrazia Gaspari na Moshi Uliomchukua

Huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 24 Agosti 2024, hapa Nyakahura, ni Eufrazia binti Gaspari. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1953 katika kijiji cha Keza, wilaya ya Ngara. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Gaspari na Mama Domisiana. Wawili waliomtangulia hawakufikia umri wa kutembea. Yeye alifika.

Nyumba ya Mzee Gaspari ilikuwa chini bondeni, karibu na maji, kwa sababu huko migomba inakubali. Na mbu wanakubali. Mama Domisiana alikuwa mtu wa mitishamba, watu walitoka mbali kumfuata, na Eufrazia tangu akiwa mdogo ndiye aliyebeba kikapu cha majani. Aliujua mubirizi, ule mti mchungu wa kuteremsha homa. Alijua majani ya tumbo, ya macho na ya jino. Aliona pia kwamba mama yake aliponya watoto wa watu, wa kwake akawazika. Mwaka 1959 alikufa mdogo wake aliyemfuata mgongoni, akiwa amenyweshwa mubirizi mpaka midomo imekuwa ya kijani. Baada ya matanga Mzee Gaspari alibomoa nyumba, akabeba nguzo zake akazipandisha mlimani. Kule juu migomba haikuwa mizuri, lakini watoto waliozaliwa baadaye wote walikua, na kile kikapu kikakaa ukutani muda mrefu bila kushushwa. Eufrazia alikuwa akisema, "Mama alikuwa na dawa nyingi. Baba alikuwa na moja, kuhama."

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1962, akaishia darasa la nne mwaka 1965, akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake. Madarasa hayo manne aliyatumia kuliko wengine walivyotumia mengi. Mume wake hakuingia darasani, kwa hiyo kila karatasi iliyofika nyumbani alisoma Eufrazia: barua za ndugu, matangazo ya kijiji, hata maandishi madogo ya kwenye maboksi ya dawa. Hakuruka kitu. Mume akimwambia hayo madogo ayaache, chakula kinapoa, anajibu, "Hayo madogo ndiyo wasiyotaka tuyasome." Ugali ulipoa mara nyingi.

Tarehe 21 Julai 1973 alifunga ndoa na Faustini katika kanisa la Rulenge. Siku alipoingizwa jikoni kwa wakwe zake, hapo hapo Rulenge, mama mkwe alimwonyesha mafiga akamwambia neno moja: moto wa nyumba hii hauzimwi. Eufrazia aliitikia, akaupokea. Mwaka 1982 walihamia huku Nyakahura kutafuta shamba, na makaa yalikuja njiani ndani ya chungu kilichopasuka, Eufrazia akiyapulizia kila gari liliposimama. Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza Privatus. Mmoja, Niragira, alirudi kwa Mungu akiwa bado ananyonya.

Mahindi na mihogo havikutosha kusomesha. Mwaka 1995 Eufrazia alikwenda Nyakanazi, pale njia zinapokutana, akafungua banda la chakula kwa ajili ya madereva wa malori. Banda lilikuwa la mabati na maturubai, mlango mmoja, mafiga ndani, kuni mbichi za porini. Alikuwa akikaa huko wiki nzima, akirudi Nyakahura Jumapili. Madereva walimpenda. Dereva mmoja wa kwenda Burundi alimtania mbele ya wenzake:

"Mama, macho mekundu hivyo, umelia au umeonja?"

"Nimepika," Eufrazia alisema. "Wewe umekula ugali, mimi nimekula moshi. Sasa lipa, twende sawa."

Wakacheka. Naye alicheka. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa ametaja jina la ugonjwa wake.

Kikohozi kilianza kiangazi cha mwaka 2013. Mwaka uliofuata aliacha biashara, akarudi nyumbani kabisa. Wanaokaa huku wanajua kiangazi chetu. Vumbi la barabara linapanda hadi kwenye migomba, na wachungaji wanachoma pori ili nyasi zichipue, mpaka jua lenyewe linazama jekundu kabla halijafika chini. Miezi hiyo Eufrazia alilala akiwa amekaa. Mvua zikianza anapata nafuu, watu wanasema amepona. Yeye alikuwa akisema, "Sijapona. Ni hewa iliyopona."

Alipimwa kifua kikuu zaidi ya mara moja, hakikuonekana. Machi 2019 alipelekwa hospitali, akapigwa picha ya kifua. Daktari alimuuliza amevuta sigara miaka mingapi.

"Sijavuta hata moja, baba."

"Sasa mama, umevuta nini?"

"Jiko."

Daktari alicheka, kisha akaitazama tena ile picha, akaacha kucheka. Alieleza kwamba mapafu yamechakaa kwa moshi na hayatarudi kuwa mapya. Alimpa dawa ya kupuliza mdomoni ya kumsaidia kupumua. Akasema dawa kubwa kuliko hiyo ni kukaa mbali na moshi.

Hapa lazima wasifu huu useme juu ya wifi yake, Auleria, dada yake Faustini, maana yuko hapa na amekubali yasemwe. Auleria alimpenda Eufrazia. Hakuiamini ile dawa ya kupuliza. Juni mwaka huu alikuja na nyungu: majani ya mkaratusi, ya mlimao, na mengine aliyoyachemsha pamoja. Eufrazia kwanza alikataa.

"Wifi, hii ni ya asili," Auleria alisema. "Haina madhara."

"Hata moshi ni wa asili. Hata nyoka."

"Basi kwa heshima yangu."

Kwa heshima yake alikubali. Alifunikwa blanketi na ule mvuke. Haukupita muda, mikono ikaanza kupiga blanketi kwa ndani. Auleria alilishika. "Vumilia wifi, ugonjwa unatoka!" Sauti ikatoka chini ya blanketi, ndogo kabisa: "Ninayetoka ni mimi." Faustini ndiye aliyelivuta blanketi. Eufrazia alilazwa kwenye upepo hadi jioni, midomo imebadilika rangi.

Auleria hakuchoka. Julai alimleta Maduhu, Msukuma wa kitongoji cha pili, ambaye dawa zake zinajulikana. Maduhu alimsalimia vizuri, akaweka sikio mgongoni kwake, akasikiliza. Kisha akaomba kuona anapopikia. Aliingia jikoni, akatoka anafuta machozi.

"Mama, mimi nina dawa ya tumbo," alisema. "Ya nyoka ninayo. Hata mchumba akikukimbia, ninayo. Ya jiko sina."

"Msukuma umesema kweli leo!" Eufrazia akacheka mpaka akakohoa. Akaagiza apewe maziwa. Maduhu aliyanywa, akaaga. Auleria alimsindikiza akimwambia mganga gani huyu anayekuja kushindwa.

Wengi mnalijua jiko hilo. Nyumba ndogo ya matofali ya udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Juu ya mafiga kichanja, na juu ya kichanja mahindi ya mbegu, yaliyofungwa mafungu, meusi kwa masizi. Ndivyo mbegu inavyowekwa huku. Moshi unafukuza fukusi, na unazuia mchwa kwenye paa. Eufrazia mwenyewe aliyapanga hivyo kila mwaka, na kila mwaka yaliota.

Kwa kuwa Eufrazia alikuwa amezuiwa kuingia jikoni, mwaka huu aliyeingia ni Nice, mke wa Juvenali, mtoto wa mwisho. Nice aliolewa hapa Januari, akawa mjamzito mapema. Mwezi wa Julai Eufrazia, amekaa kwenye mkeka wake nje, alimsikia Nice akikohoa asubuhi. Kesho yake akamsikia tena. Hapo akashikwa na hofu ambayo kwa ajili yake mwenyewe hakuwa nayo. Kifo chake alikuwa amekizoea kama mgeni anayechelewa. Hiki hakukizoea.

Alimwita Nice.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kikohozi ni cha nini?"

"Ni mafua tu, mama."

"Na mimi nilisema mafua."

Alitaka ukuta wa jiko ubomolewe, watu wapike penye upepo. Auleria alikataa. Alisema mbegu itakwisha kwa fukusi. Alisema pia kwamba Nice akijifungua lazima aketishwe karibu na moto na mtoto wake, mlango umefungwa, mwili upate kurudi. Ndivyo mama yao alivyofanya, na ndivyo Eufrazia mwenyewe alivyofanyiwa mara tano.

"Mara tano," Eufrazia alisema. "Na wa nne tukamzika, tukasema ni jicho la mtu."

Faustini alisema wasubiri Septemba, mvua zikianza, mbegu ishuke kwenda shambani, ndipo jiko liguswe. Eufrazia alimtazama Nice aliyekuwa anapita na ndoo, tumbo mbele.

"Baba Privatus," akamwambia mume wake, "ile nayo ni mbegu. Ile haisubiri Septemba."

Wakaambiana watasubiri. Agosti pori likawaka pande zote. Jumanne tarehe 20, asubuhi, Eufrazia alitolewa nje kama kawaida, lakini upepo ulikuwa unatoka upande wa moto, na nje kukawa kama ndani. Dawa ya kupuliza ilikuwa imebaki kidogo, ikatumika, haikufika mahali. Juvenali alikwenda kutafuta gari. Eufrazia alimshika mume wake mkono.

"Nice yuko wapi?"

"Jikoni. Anakuchemshia uji."

"Mtoeni."

Nice alitolewa, akaja akapiga magoti hapo mkekani na masizi mikononi. Eufrazia alimwona. Gari lilipofika alikuwa ameshakata roho. Umri wake ulikuwa miaka sabini na mmoja.

Msibani yamesemwa maneno. Wengine wamesema angevumilia nyungu angekuwa hai. Wengine wamesema ametupiwa kitu tangu Nyakanazi, kwa wivu wa biashara. Familia inaomba maneno hayo yaishie hapa. Eufrazia alibeba kikapu cha majani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Hakuyadharau. Mjukuu akiumwa tumbo, alikwenda yeye mwenyewe kichakani. Lakini alijua jani linafika wapi na linaishia wapi, na kilichomchukua alikitaja mwenyewe kwa jina.

Juzi Alhamisi vijana walikuwa wanachimba kaburi nyuma ya migomba. Kwa desturi yetu, mtu akiwa hajazikwa, jembe halishikwi nyumba ile, isipokuwa la kaburi. Mzee Faustini alikwenda pale, akamwomba kijana mmoja jembe lake. Kijana alidhani mzee anataka kumchimbia mkewe, akampa kwa mikono miwili. Faustini akaenda nalo jikoni. Alipiga ukuta wa upande wa upepo. Ulikuwa mgumu, umeiva kwa moto wa miaka arobaini na zaidi.

Auleria alitoka mbio, kanga imemdondoka.

"Faustini! Mkeo hajazikwa, unafanya kazi? Na jembe la kaburi?"

"Ndiyo."

"Jembe la kaburi halifanyi kazi nyingine!"

"Kazi ni ileile, dada."

Akaendelea kupiga. Vijana walikuja kusimama, hawakujua wamzuie au wamsaidie. Kichanja kilianguka na mbegu yote. Masizi yakajaa uwanjani, watu wakakohoa hata waliokuwa mbali. Auleria alikaa chini akalia, kwa sauti ambayo hakuitoa Jumanne. Baadaye akaanza kuokota mahindi, moja moja, akiyafuta kwa kanga. Sasa yako kwenye mkeka, mmeyaona mkiingia. Huenda fukusi watayala. Yakiliwa, mwaka huu mbegu itaombwa kwa majirani.

Kwa hiyo wageni wanaouliza kwa nini jiko la nyumba hii liko wazi, jibu ni hilo. Moto aliokabidhiwa Eufrazia Rulenge haukuzimwa. Umetolewa nje.

Eufrazia ameacha mume, Faustini, watoto wanne, Privatus, Rozalia, Kezia na Juvenali, wakwe zake, wajukuu kumi na mmoja, wifi yake, Auleria, na wadogo zake walioko Keza, wale waliozaliwa mlimani. Ameacha pia mmoja aliye tumboni mwa Nice, anayengojewa Oktoba. Huyo akizaliwa, yeye na mama yake watalazwa kwenye chumba chenye dirisha. Auleria ndiye atakayewauguza, na amesema ataliacha wazi.

Mungu amlaze Eufrazia mahali pema, penye hewa. Amina.